Siku Sauti Ilipozimwa Kaburini kwa Mama

Kibugu,
Embu.
Tarehe 14 Juni 2025.

Mpendwa kaka Mugendi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, salamu za baridi na ukungu, maana mwezi huu mlima haujajionyesha hata asubuhi moja. Hujambo? Mkeo Ann hajambo? Na mtoto wenu, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka kama babu yake? Natumaini barua hii itawakuta wote mkiwa wazima, na kwamba mgongo wako umepata nafuu baada ya kuinua wagonjwa wa watu mwaka mzima. Naandika Kiswahili makusudi, ili Ann asome mwenyewe asingoje umtafsirie Kiembu. Nakujua, ungeruka kila mahali ninapokusema.

Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Mimi bado ni karani pale kituo cha chai, napima majani na kusikiliza malalamiko. Baridi imepunguza majani, kwa hiyo malalamiko ndiyo yameongezeka. Muthomi wangu amekuwa mrefu kuliko mlango wa jikoni. Ng'ombe wa mama alizaa dume, tukanyamaza tu. Baba anatembea mpaka langoni na kurudi, anakula kidogo, analala mapema. Si mgonjwa, lakini tangu mama atutoke amekuwa kama mtu anayesubiri kuitwa.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Ungefanya nini ungekuwa mimi? Nambari yangu umeizuia. Ya Muthomi nayo umeizuia, na yeye hajakukosea chochote isipokuwa kuwa mwanangu. Ya baba hujaizuia, lakini akipiga hupokei, na naamini ni kwa sababu unaogopa kumsikia. Basi nimenunua bahasha na stempu, nikaomba Mungu posta ya Kanada iwe na huruma kuliko wewe.

Ujumbe wako wa mwisho kabla ya kunizuia nimeusoma mpaka naujua kwa moyo. Ulisema kwamba siku ya mazishi wewe na Ann mlikaa mbele ya kompyuta tangu kabla hakujapambazuka kwenu, mkafuata ibada yote, mkaona jeneza likishushwa, na hapo hapo sauti ikakatika. Mkaona midomo ya watu ikitembea. Mkamwona baba akigeuka, akaitazama kamera, akainua mkono na kusema maneno marefu ambayo hamkusikia hata moja. Kisha ukaniandikia hivi: "Mlizima sauti ili baba anilaani kwa kutokuja, nisisikie wala nisijitetee. Sawa. Mimi si mtu wa huko tena."

Kaka, laana ya mzazi, tena kando ya kaburi la mzazi mwingine, si jambo la mzaha kwetu, na naelewa kwa nini tangu siku hiyo umekuwa kama mtu aliyepigwa. Lakini hakuna aliyekulaani. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote. Yale maneno ya baba nitakuandikia huko chini kama yalivyo, neno kwa neno. Ila hutayaelewa bila kujua kwanza sauti ilienda wapi, na hiyo ni hadithi inayoniuma kuisimulia. Jitengenezee chai kwanza.

Wimbo wa mama unaukumbuka, ule wa kuchuma chai. Ann haujui, kwa hiyo nimwelezee yeye. Mama alitoka Kiirua, kule Meru, akaolewa huku Kibugu akiwa msichana, na Kiembu chake kilikuwa na Kimeru kingi hata kina mama wenzake wakawa wanamcheka shambani. Akaamua kuimba kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa cha kuazima kwa wote na hakuna angemcheka mwenzake. Ndipo akatunga: "Umenitoa kwetu, umenipa kwetu pengine." Ulikuwa ni wimbo wa bibi harusi aliyekumbuka kwao. Watu wanaousikia leo hudhani unahusu mbinguni.

Mwaka juzi alikuja kijana mmoja anayeitwa Antony, prodyuza mwenye studio yake pale Embu mjini. Alikuja na adabu, amevaa shati safi, akawaambia kina mama wa kanisa kwamba anakusanya nyimbo za zamani zisipotee. Tulimpikia. Akaweka maikrofoni sebuleni kwetu, akafunga madirisha, hata kuku tuliwahamisha. Kabla mama hajaimba, Antony alimuuliza wimbo ni wa nani. Nawe unajua mama angejibu vipi. Akajibu vile anavyojibu kila mama wa huku anaposimama kanisani na wimbo wake: "Bwana asifiwe. Huu wimbo si wangu. Nilipewa."

Hayo ndiyo makosa yetu, kama ni makosa. Kwetu mtu hasimami mbele ya watu akasema wimbo ni wangu. Ni aibu, ni kama kujisifu kwamba umejizaa. Mama huyo huyo akikaribisha wageni alikuwa anasema hakuna chakula, mtatuvumilia, na sufuria mbili za mukimo zinafuka moshi mezani. Hakuna mgeni aliyewahi kuondoka na sufuria kwa sababu mwenyewe alisema hakuna kitu.

Antony aliondoka na sufuria. Aliweka ngoma na kinanda, akaupa wimbo jina lingine, akauandikisha mtandaoni kama wimbo wa asili usio na mtunzi, uliopangwa na yeye na kumilikiwa na yeye. Sisi hatukujua. Tulisikia tu wimbo umekuwa maarufu, tukafurahi kama wajinga. Safari ya mwisho ya mama kwenda kwao Kiirua kumsalimia mjomba Mbaabu, nilimsindikiza, tukapitia soko la Gakoromone kununua vitunguu. Redio ya muuza vitunguu ikawa inapiga sauti ya mama mwenyewe. Mama akaanza kuifuatisha polepole huku anachagua vitunguu. Yule mwenye vitunguu akamuuliza kama anaujua huo wimbo.

"Naujua kidogo," mama akasema.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Siku hizi nikikumbuka jibu hilo sicheki tena.

Sasa, mimi nilikuwa na video ya mama akiimba katikati ya majani ya chai, kikapu mgongoni, bila ngoma ya mtu. Niliipiga kwa simu zamani, kabla Antony hajatujua, nikaiweka kwenye ukurasa wangu, ndiyo ile ulikuwa unaiangalia huko baridi ikikuzidi. Simu ile baadaye ilitumbukia kwenye maji ya ng'ombe ikafa. Sikuilia, nikasema video iko mtandaoni, mtandao haulowi maji. Tulifanya kama mtu anayepeleka mahindi yake yote kwenye ghala la jirani, halafu anagundua ufunguo hakupewa. Wiki chache kabla mama hajafariki, video ilitoweka. Nilipata ujumbe kwamba ndani yake kuna mali ya mtu mwingine na nikirudia nitafungiwa ukurasa. Mama alikuwa anaumwa kitandani, chumba cha pili, nami naambiwa sauti yake ni mali ya mtu mwingine. Sikumwambia.

Ndipo tukafika siku yenyewe. Ulikuwa umenipigia ukilia kwamba karatasi zako za uhamiaji hazijatoka na ukivuka mpaka hutarudi kwa Ann. Baba aliposikia, akasema basi Mugendi aletewe mazishi huko aliko. Tukamkodi Adrian, yule mpiga video wa Manyatta, arushe ibada moja kwa moja. Alikuja na kamera nzuri na mwavuli, maana mvua ya Aprili haikutuonea haya. Kila kitu kilienda sawa. Nilikuwa nachungulia simu yangu kuhakikisha mko nasi, naona jina lako pale chini, nafarijika.

Jeneza liliposhuka, kina mama wa kanisa wakaanza wimbo wa mama. Ni nani angeimba wimbo mwingine? Kumbe huko mtandaoni kuna mashine inayosikiliza kila kitu, haichoki na haina msiba. Ilisikia tuni, ikailinganisha na ile ya Antony, ikaamua kwamba tunaiba. Ikafunga sauti hapo hapo. Haikuuliza ni nani anayezikwa. Sisi tuliokuwa kaburini hatukujua lolote, tuliendelea kuimba. Ni Adrian aliyegundua, akawa ananipungia mkono, nami nikadhani ananiambia nisogee nisizibe kamera. Nikasogea. Baba akabaki mbele peke yake, ndivyo ulivyomwona.

Nilimuuliza Adrian kama ana nakala yenye sauti. Hana. Alikuwa anarusha bila kuhifadhi, akitegemea mtandao umhifadhie, na mtandao umehifadhi picha, sauti umeifungia. Kijana wa watu alilia mbele yangu, nikaishia kumbembeleza yeye.

Tulipomaliza matanga nilienda Embu kwa Antony. Nilijipanga njiani maneno makali ambayo siwezi kuyaandika, Ann anasoma. Lakini nilimkuta kijana wa kawaida, amechoka macho, studio yake ni chumba kimoja juu ya duka la mbolea. Alisimama, akanipa pole kwa mikono miwili, akaniletea kiti. Nilipomweleza, alishtuka kweli, sitamsingizia.

"Madam, mimi siku hiyo hata sikuwa kwa kompyuta," akaniambia. "Hiyo ni sistemu inajifanyia. Ukishaandikisha wimbo, inashika kila mtu."

Nikamwambia basi aiambie iachilie mama yangu. Hapo akaanza kujikuna shingo. Akasema wimbo hauna mwenyewe, ni wa asili, na kazi ya kuupanga ni yake, tena ushahidi anao. Akageuza skrini akabonyeza. Sauti ya mama ikatoka kwenye spika mbili kubwa, wazi kana kwamba yuko nyuma yangu: "Bwana asifiwe. Huu wimbo si wangu. Nilipewa."

Kaka, nilikuwa sijaisikia sauti ya mama ikizungumza tangu tumzike. Nilitamani kumpiga yule kijana, na wakati huo huo nilitamani kumwomba arudie. Nilimwomba arudie. Akarudia, akaangalia chini. Nililia hapo kwenye kiti chake mpaka akatoka nje akaniachia chumba.

Kabla sijaondoka alitoa pendekezo. Tukitia sahihi kwamba wimbo ni wa asili na rekodi pamoja na mpango wake ni mali yake, ataachilia video yangu ya shambani na ataomba sauti ya mazishi irudishwe, nawe ungesikia kila kitu. Nilirudi Kibugu na hiyo karatasi ndani ya Biblia, nimeshaamua tutie. Sikujali wimbo ni wa nani. Nilitaka usikie tu.

Njiani nilipitia kwa Ednah, binti wa mchungaji wetu wa zamani, ambaye ni wakili pale mjini. Alinieleza kwa upole kwamba sheria ya hakimiliki yenyewe haijatukataa. Mtunzi ni mtunzi hata kama hakujiandikisha popote, na haki yake inaendelea miaka hamsini baada ya kufa. Lakini wimbo ulioishi mdomoni ni vigumu kuuthibitishia mwenyewe, na ushahidi mkubwa tulio nao ni mama akisema si wake. Na mtandaoni, akasema, mashine haisubiri mahakama, inamwamini aliyetangulia kuandikisha. Alinisaidia kuandika pingamizi hata hivyo. Majibu yalikuja upesi ajabu: "Habari Kajuju, tumepitia ombi lako." Wamepitia, wamekataa. Chini hakuna jina la mtu. Mimi hapa kituoni nikikataa majani ya mkulima, naandika jina langu na anajua mlango wa kuja kunitukania. Huko hakuna mlango.

Usidhani nimeichukia teknolojia. Kilo za chai zinakuja kwa simu, karo ya Muthomi inaenda kwa simu, na bila hizo mashine hungemwona mama hata siku ile moja. Wala sisemi watunzi wasilindwe. Huyo mama alikuwa mtunzi, na ndiye sheria hiyo ilipaswa kumlinda. Ninachosema ni kwamba mambo haya yameandikwa kana kwamba dunia nzima ni watu wanaosema "ni changu". Hayakumfikiria mtu aliyefundishwa tangu utotoni kusema "nilipewa". Mtu kama huyo anaonekana hana kitu, basi kitu chake kinaenda kwa wa kwanza mwenye ulimi mrefu. Hilo linanikera kuliko Antony mwenyewe.

Basi nilimsomea baba karatasi. Alikuwa nje, anachambua maharagwe kwenye ungo wa mama. Nilimweleza kwamba akitia sahihi, video ya mama ya shambani itarudi; ya mazishi sikumtajia. Alichagua maharagwe mabovu, akayatupa.

"Mama Mugendi alisema si wake," akasema. "Hakusema ni ya huyo kijana."

Nikamwambia, Baba, ni sahihi tu, tuipate video. Akaniambia kwamba mama alisema amepewa na Bwana, na yeye akiandika kwamba ni wa mtu wa Embu mjini atakuwa amemfanya mke wake mwongo akiwa kaburini. Kisha akauliza kama maharagwe haya yatatosha kesho. Nilikasirika, sikuficha. Niliingia ndani nikagonga sufuria. Nilikuwa nafikiria wewe, peke yako huko, unaamini umelaaniwa, na mzee anakataa kukufungulia kwa ajili ya heshima ya mtu ambaye hana habari nasi tena. Nimekaa na hasira hiyo, na bado iko kidogo, lakini nimeanza kumwelewa. Mama alikuwa na neno moja tu. Baba hakutaka tuliuze, hata kwako.

Kwa hiyo sauti haijarudi, na sijui kama itarudi. Ednah anasema bado kuna mahali pa kwenda kulalamika, nami nitaenda, ila itachukua muda. Kanisani mchungaji ametuomba tusiuimbe wimbo wa mama ibada inaporushwa, chaneli ya kanisa isije ikafungwa. Ameomba kwa huzuni, simlaumu. Kina mama sasa huuimba watu wakishatoka, wakiwa wanafagia.

Na baba akitaka kumsikia mama, hakuna pengine isipokuwa kwenye ukurasa wa Antony mtandaoni. Ananiletea simu, namtafutia. Kwanza linakuja tangazo la kamari, mtu anapiga kelele kwamba leo ndiyo siku yako ya kushinda. Baba, mzee wa kanisa aliyekukataza kucheza karata, anasubiri kwa heshima tangazo liishe, kofia mkononi. Kisha mama anasema si wangu, nilipewa, na baba anaitikia kwa sauti ndogo, "Asifiwe." Nikimwona hivyo natoka nje.

Sasa nifike pale nilipokuahidi. Kuna ubeti wa tatu, kaka. Hujawahi kuusikia. Mama aliutunga mwaka ule wewe ulipoondoka kwenda huko, akawa anauimba shambani peke yake, na nyakati nyingine jikoni akidhani hatupo. Kanisani hakuuimba. Antony alipomuuliza kama wimbo umeisha, alimwambia umeisha. Baba alikuwa anaujua kwa sababu alikuwa analala kitanda kimoja na aliyeutunga. Siku ile kaburini, kina mama walipomaliza beti mbili na kunyamaza, baba, ambaye hajawahi kuimba hata nyimbo za Krismasi, alisogea mbele. Akamwuliza Adrian, "Mugendi yuko hapo ndani?" Adrian akamwambia yuko. Baba akageuka kwako, akainua mkono, akauimba. Sauti ilimkwama, akalazimika kuyasema maneno badala ya kuyaimba, ndiyo maana uliona anaongea. Mkono aliushikilia hapo juu mpaka neno la mwisho. Bila sauti, hata mimi ningeuogopa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kile kile cha mama, sijanyoosha neno:

Mmoja wangu yuko mbali, jina yake niko nayo mdomoni.
Bwana, baridi ikizidi umfunike na shuka yako.
Akikawia njiani usikasirike na yeye,
akichelewa kufika usifunge mlango.

Ni hayo tu. Hakuongeza lake hata moja. Watu wote waliokuwa pale walielewa ni nani anayeombewa, na walilia, na ndiyo maana uliona wakifunika nyuso. Hawakuwa wanakuonea aibu. Tuni siwezi kuiweka kwenye bahasha. Karatasi zako zikitoka, nitakuimbia mwenyewe, vibaya, tukiwa tumesimama pale alipolala. Mvua imeotesha nyasi juu yake, pamependeza.

Nisalimie Ann sana, mwambie namwonea huruma kwa mtu aliyeolewa naye. Mbusu mtoto. Mjomba Mbaabu wa Kiirua anakusalimu, na anasema viazi vyake vya msimu huu vingekushangaza. Shangazi Ruguru anakusalimu pia, goti linamsumbua. Muthomi anakusalimu na anauliza ni lini utamfungulia nambari yake. Bwana aliyempa mama wimbo awape nanyi afya na kazi isiyovunja mgongo, awarudishie usingizi, na awafunike baridi ikizidi.

Jambo la mwisho. Sikumwambia baba kwamba sauti ilikatika. Sikuweza. Yeye anaamini ulisikia, na anashangaa kwa nini hujasema kitu. Kila jioni akirudi kutoka langoni ananiuliza kama Mugendi amesema chochote kuhusu ule ubeti, nami namwambia una kazi nyingi. Sasa umeushika mkononi mwako. Mpigie mzee. Usimweleze mambo ya mtandao wala ya Antony. Mwambie tu umesikia.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata kwenye nambari uliyoizuia,

Kajuju.